Aya ya Nne

Mjukuu wangu Namalwa alirudi kutoka Kitale Ijumaa jioni, uso umefungwa kama duka la Manish siku ya Diwali. Kwa kawaida akifika huanza na kuku, awasalimie mmoja mmoja, ndipo afike kwangu. Siku hiyo aliwapita kama watu asiowajua.

"Kukhu," akasema, maana kwetu nyanya ndiye Kukhu, "nimerudishiwa ile kazi."

Akatoa karatasi kwenye mkoba, akaiweka mezani kati ya vikombe. Ilikuwa nyekundu kuliko nyeusi.

"Nisomee alichoandika mwalimu."

"Unataka nife kwa aibu?"

"Hakuna mtu hufa mbele ya chai ya maziwa. Kunywa kwanza."

Akanywa. Uso ukafunguka kidogo, dirisha moja.

Namalwa yuko chuoni Kitale anasomea ualimu. Tangu akiwa mdogo hakutaka kitu kingine. Mbuzi wangu wote wamewahi kufundishwa naye kuhesabu, na kuna mmoja mpaka leo ukitaja saba anainua kichwa. Muhula ujao wenzake wanatumwa mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha, yale wao wanaita tipii. Lakini asiyepita kazi zote hatumwi. Na kazi iliyobaki kumshika mguu ilikuwa moja tu, ufupisho.

Alikuwa amenieleza ufupisho ni nini. Wanakupa maandishi marefu ya mtu, unasoma, halafu unasema kwa maneno machache yale mwenyewe amesema. Huongezi chumvi, hupunguzi nyama. Mwenye maneno akipita hapo akasikia, aseme, ndiyo, hayo ni yangu. Nikamwambia kama ni hivyo tu basi ni kazi rahisi. Akanitazama kwa huruma.

Mwalimu wake ni Bi. Zulekha, mwenyeji wa Kitale mjini, kwao ni karibu na msikiti. Namalwa anasema hapigi kelele hata siku moja. Anauliza tu, na swali lake linakufuata mpaka kitandani.

"Haya, soma."

"Hapa niliandika, 'Mwandishi huyu anadanganya wakulima.' Yeye ameandika, 'Nani anasema haya, mwandishi au wewe?'"

"Mh."

"Hapa niliandika, 'Mahindi ya mbegu ya dukani hayana utamu.' Yeye anauliza, 'Utamu uko aya gani?'"

"Endelea."

"Hapa niliandika, 'Moshi wa meko ndio dawa bora ya wadudu.' Anauliza, 'Moshi umetoka wapi?'"

Nikaweka kikombe chini. Moshi ulikuwa umetoka kwangu.

Ilikuwa hivi. Juma lililotangulia Namalwa alikuja na makala mawili aliyopewa ayafupishe. Ya kwanza yaliandikwa na bwana wa kilimo, yanasifu mbegu za mahindi za dukani. Ya pili yaliandikwa na mama mmoja anayetetea mbegu za kienyeji, zile mtu anajichagulia mwenyewe shambani akaweka. Sasa, mvua ilikuwa inanukia, na mimi nilikuwa jikoni nikishusha mbegu zangu. Huwa nafunga mahindi kwa majani yake yenyewe, mawili mawili, nayatundika juu ya meko tangu mavuno mpaka kupanda. Moshi unayapaka rangi mpaka yanakuwa kama mzee aliyekaa sana kwa baraza, na mdudu akikaribia anakohoa anarudi kwao.

Namalwa alikaa kwa kigoda akinisomea. Na mimi, nitanyamaza vipi? Mtu anasoma habari za mbegu na mbegu ziko mkononi mwangu! Bwana wa kilimo akisema hivi, mimi nasema, "Mwongo huyo, alipanda lini?" Mama wa kienyeji akisema vile, mimi nasema, "Na utamu je? Mwambie na utamu! Na moshi!" Kumbe mtoto anaandika. Sikujua anaandika yote. Nilidhani anachagua.

"Kwa hivyo," nikamwambia, "Bi. Zulekha amenisahihisha mimi."

"Wewe na mimi, Kukhu."

"Nilipata ngapi?"

Hapo ndipo alicheka, chai ikampalia.

Chini kabisa mwalimu alikuwa ameandika maneno marefu zaidi. Namalwa aliyasoma haraka haraka: "Aya ya nne ya makala ya pili imekwenda wapi? Andika upya, ulete Jumatatu. Nataka kuwasikia waandishi wawili. Kwenu nitakuja kutembea siku nyingine."

"Anakaribishwa," nikasema. "Na hiyo aya ya nne inasema nini? Sikumbuki ulinisomea aya ya nne."

"Ah, ni kitu kidogo tu. Nitaiongeza."

Akakusanya vikombe akatoka kuviosha, na kimoja kilikuwa bado na chai yangu.

Jumamosi asubuhi tulikaa nyuma ya jikoni, yeye na karatasi zake, mimi na muwa. Muwa huo ulikuwa dawa yangu. Nilijua nikikaa mdomo wazi nitaingia tena kwa kazi ya watu, basi nikajiambia, kila nikisikia neno linanipanda kooni, nitauma muwa. Kufikia aya ya pili ya bwana wa kilimo nilikuwa na makapi ya kutosha kulisha ng'ombe.

Namalwa aliandika, akafuta, akaandika. Alipomaliza makala ya kwanza akauliza, "Sasa nitajuaje kama nimemtendea haki? Mwenyewe hayuko."

Kabla sijajibu, sauti ikatoka upande wa ua. "Mulamwa! Bado unapika mbegu, ama mwaka huu zimeiva?"

Huyo ni Wangila, mdogo wa marehemu mume wangu, shemeji yangu wa mpaka mmoja. Kwetu shemeji, ndiye mulamwa, ni mtu wa kutaniwa, na Wangila hakosi siku. Yeye kila mwaka anakwenda Kitale kununua mbegu, na akishapanda anatundika ule mfuko mtupu kwa fito mbele ya shamba kama bendera, wapita njia wajue.

"Zimeiva," nikamjibu. "Na wewe bendera umeshapandisha ama unangoja wimbo?"

"Nangoja wewe uje upige saluti."

Nikamwangalia Namalwa, Namalwa akaniangalia. Mwenye makala hakuwepo, lakini rafiki yake wa rohoni alikuwa ameshavuka ua.

"Keti hapo, mulamwa," nikasema. "Leo una kazi. Mtoto atakusomea. Wewe ndiye bwana wa kilimo."

"Mshahara?"

"Muwa."

Akaketi. Akavuta shati, akakunja mguu juu ya mguu, akawa bwana wa kilimo kweli kweli. Namalwa akamweleza habari yote, kisha akasoma ufupisho wake. Wangila alisikiliza akitikisa kichwa. Ulipofika mwisho hakutikisa tena.

"Kuna kitu," akasema. "Rudia hapo mwanzo."

Namalwa akarudia. "'Mwandishi anadai kwamba mbegu za dukani zinatoa mavuno mengi zaidi...'"

"Hapo. Na yule mama wa kienyeji, yeye umeandika anafanya nini?"

Namalwa akageuza karatasi ya zamani. "'Mwandishi anaeleza kwamba...'"

"Si unaona? Wa kwenu anaeleza, wangu anadai. Kwani wangu ni mshtakiwa? Ameiba kuku wa nani?"

Nilitaka kusema jambo. Nikauma muwa.

Namalwa akaweka kidole juu ya lile neno. "Kuka, ni kweli," akasema pole pole, maana babu kwetu ni Kuka. "Hata sikuliona." Akalifuta, akaandika "anaeleza" kwa wote wawili.

"Safi. Sasa ongeza kwamba watu wa kienyeji wanaturudisha nyuma."

"Mwandishi hakusema hivyo."

"Lakini si ni ukweli!"

"Hata kama, kuka. Hakusema. Na tena amesema kitu kingine hapa, ati hizi mbegu lazima mtu anunue upya kila msimu, na kwa mkulima mdogo hilo ni mzigo. Hiyo nimeiweka."

"Hiyo ungeacha. Ni kitu kidogo."

"Ameandika aya nzima."

Wangila akanigeukia. "Mulamwa, huyu mtoto umemlisha nini?"

"Mahindi ya moshi," nikasema, na hilo nililiruhusu kwa sababu halikuhusu kazi.

Akaguna, akamenya muwa wake. Lakini ufupisho uliposomwa mara ya pili, pamoja na ule mzigo wa kununua kila msimu, alitema makapi, kisha akasema, "Haya. Hayo ni yangu. Hata lile nisilopenda, nililisema."

Namalwa alitabasamu mpaka masikioni. Nilimwona pale akiwa amesimama mbele ya darasa, chaki mkononi. Kwa hiyo nilisema bila kufikiri sana, "Sasa makala ya pili. Huyu mama ni wangu, mimi ndiye nitasema kama ni yangu au si yangu. Anza na ile aya ya nne."

Tabasamu likatoka. Akamtupia Wangila jicho, akanitupia mimi, akatazama karatasi.

"Kukhu, hiyo tutafanya baadaye. Mimi na wewe."

"Kwa nini baadaye?"

"Ni kitu kidogo."

"Ndivyo alivyosema kuka yako sasa hivi, ukamkatalia."

Wangila hajasoma sana lakini pua anayo. Akaacha kutafuna. "Aya ya nne ina nini?"

"Hakuna kitu," akasema Namalwa.

"Bana, kama hakuna kitu, soma."

Mtoto akainamisha kichwa. Nikaelewa, hata kabla hajafungua mdomo. Hakuisahau. Aliiruka. Juma lile jikoni, mimi nikishangilia kila sentensi ya yule mama na mbegu mikononi, alifika aya ya nne akaikanyaga kama mtu anayekanyaga kaa la moto, akaendelea na ya tano kana kwamba hakuna kilichotokea. Na kwa sababu hakunisomea, hakuiandika. Alinificha kitu, akajifichia na yeye.

Nilikuwa na mambo mawili mbele yangu. Upande mmoja Wangila na meno yake yote, anangoja. Upande wa pili Jumatatu, na tipii, na mtoto aliyefundisha mbuzi kuhesabu. Si mizani ya kufikiria sana, lakini sitasema haikuniuma. Mtu anapenda kushindwa, kama ni lazima, mbali na shemeji yake.

"Soma, mama," nikamwambia. "Kwa sauti. Kuka yako masikio yanazeeka."

Akasoma. Yule mama, mtetezi wetu, aliandika kwamba katika ekari ile ile, mvua ikiwa nzuri na mbolea ikiwepo, mbegu ya kienyeji haifikii ya dukani kwa magunia, na kwamba mzazi mwenye watoto wengi wa kulisha hawezi kulaumiwa akienda dukani.

Wangila aliinuka. Akapiga makofi, akazunguka kile kigoda, akainua muwa juu kama fimbo ya mwenyekiti. "Mulamwa! Wa kwako mwenyewe! Wa kwako mwenyewe amesema! Mtoto, rudia hapo kwa magunia!"

"Kuka, tafadhali," akasema Namalwa, na macho yake yalikuwa na maji. Akanigeukia. "Kukhu, nilijua itakuumiza. Ulikuwa unafurahi sana siku ile."

Nikatema makapi ya muwa. Nikajifuta mdomo kwa leso, taratibu, ili Wangila apate nafasi ya kuchoka.

"Namalwa, mimi navuna miaka mingapi?"

"Mingi."

"Na shamba la huyu mcheza ngoma liko wapi?"

"Hapo tu, ng'ambo ya ua."

"Basi unadhani wakati wa mavuno mimi hufunga macho? Naona mkokoteni wake ukipita, nauona na wangu. Hayo magunia nayajua kabla huyo mama hajashika kalamu."

Wangila akasimama. "Unajua?"

"Najua."

"Na siku zote hizi unanibishia?"

"Sijawahi kukubishia magunia. Wewe ukisema magunia, mimi nasema utamu. Nasema sinunui. Nasema mwaka mvua ilipokata, nani alikuja kwangu kuomba gorogoro la mahindi? Ni wewe hujawahi kusikiliza."

Akaketi polepole. Namalwa alianza kucheka huku bado anajifuta macho.

"Mimi si yai," nikamwambia. "Siku nyingine nisomee yote. Ukiniondolea yale yanayoniuma, yale matamu nitayaaminije?"

Akachukua kalamu. Aliandika mpaka jua likafika juu ya paa la jikoni, na safari hii hakuna aliyemsemesha, hata Wangila, ambaye alikuwa amepewa muwa wa pili kwa masharti. Kisha akatusomea:

"Mwandishi wa makala ya pili anaeleza kwamba mbegu za kienyeji humwezesha mkulima kupanda bila kununua, kwa kuwa huzichagua mwenyewe kutoka mavuno yake. Anaongeza kwamba mbegu hizo zimezoea udongo na hali ya hewa ya mahali zinapopandwa, na huvumilia zaidi mvua inapopungua. Hata hivyo, anasema kwamba katika msimu mzuri na penye mbolea, mavuno yake ni machache kuliko ya mbegu za dukani, na kwamba hamlaumu mzazi anayechagua za dukani ili kulisha familia. Anapendekeza wakulima wasiache kabisa kuhifadhi mbegu zao."

Nilisubiri moshi. Haukuja. Nilisubiri utamu. Haukuja. Yalikuwa maneno makavu, yamepangwa kama kuni, na kila ukuni ulikuwa wa yule mama.

"Je, Kukhu?"

Ilinibidi nimeze neno langu kwanza. Ule utamu ni kweli, jamani. Ungekaa vizuri sana pale kati.

"Ndiyo," nikasema. "Hayo ni yake."

"Si yako?"

"Mimi yangu sijaandika. Mwache mama wa watu na yake."

Jumapili mchana akaondoka kwenda Kitale, karatasi ameziweka katikati ya kitabu zisikunjike. Kuku aliwaaga wote.

Mvua ikashuka usiku wa kuamkia Jumanne. Siku ya pili nilikuwa shambani nikipanda, mahindi yamepukuchuliwa kwa karai, simu ikalia mfukoni mwa aproni. Mikono ilikuwa ya udongo, nikaifungua kwa kidole kidogo.

"Kukhu! Nimepita! Naenda tipii!"

Nilipiga kigelegele pale pale, peke yangu katikati ya mistari. Ng'ambo ya ua nikaona kofia ya Wangila ikiinuka.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesoma kimya, yote mawili. Halafu unajua vile yeye huwa anauliza. Nikajua nimekwisha. Akaniangalia akasema, 'Namalwa, kwani nyumbani kwenu mnapanda mbegu gani?'"

"Hakujua?"

"Hakujua! Safari ile ya kwanza alijua mpaka tunaweka mbegu wapi. Sasa ameliambia darasa zima likisie. Wengine wakasema za duka, wengine za kienyeji, wamebishana mpaka kengele ikalia."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, kwa Kukhu ni za meko, kwa kuka ni za duka, na ugali mimi nakula pande zote."

Nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye udongo mbichi. Akaniambia wamempa shule mahali paitwapo Kwanza, darasa la tano, na kwamba nimsalimie yule mbuzi wa saba. Akakata, vocha ilikuwa imeisha.

Wangila alikuwa ameshafika kwenye ua, viwiko juu ya nguzo, mfuko wake mpya wa mbegu unang'aa nyuma yake kwenye fito.

"Mtoto amepita?"

"Amepita. Anakwenda Kwanza kufundisha."

"Wacha! Afadhali!" Akavua kofia, akaitikisa hewani kwa furaha ya kweli, maana huyo ni mjukuu wake pia. Kisha akairudisha kichwani na nikaona meno yanaanza kutoka. "Unajua ni nini kimempitisha, mulamwa? Ni ile aya ya nne."

Na alikuwa amesema kweli. Hilo ndilo lilikuwa baya lenyewe. Nilikuwa na majibu kama matano tayari mdomoni, yote mazuri, mengine na moshi ndani.

Nikatazama kando ya mstari. Kipande changu cha muwa kilikuwa pale kwenye nyasi, karibu na karai. Nikakifuta kwa leso, nikauma.

"Unasemaje?" akauliza Wangila.

Nikamwonyesha mdomo kwamba umejaa, nikainama, nikaendelea kupanda.